Uaguzi wa Namba Katika Ulimwengu wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yanayofuata yamekusudiwa msomaji anayetaka kujua namna watu wa kale, hasa wa Misri, Ugiriki na Roma, walivyotumia namba kutafuta habari za mambo yaliyofichika na yajayo. Tumekaa zaidi kwenye hesabu ya majina, kwa sababu ndiyo iliyoacha maandishi yanayoeleza njia yake hatua kwa hatua, na pia ndiyo iliyo jirani zaidi na hisabu ya abjadi inayojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki.

Uaguzi wa namba ni nini hasa?

Ni uaguzi ambao jibu lake hupatikana kwa kupiga hesabu. Kitu fulani kinachomhusu muulizaji hugeuzwa kuwa namba, kama vile jina lake, siku ya mwezi alipougua, jumla ya dadu alizorusha au namba aliyoitaja mwenyewe bila kufikiri. Namba hiyo hujumlishwa au kugawanywa kwa kanuni maalumu, na kinachobaki hulinganishwa na jedwali au orodha ya majibu. Mnajimu alihitaji majedwali ya mwendo wa sayari, na kuhani aliyesoma maini alihitaji mnyama wa kuchinja, lakini mwaguzi wa namba alihitaji kujua kujumlisha na kugawanya tu, pamoja na kipande cha karatasi ya mafunjo chenye kanuni zake.

Kwa nini jina la mtu lilihesabiwa kuwa na namba?

Kwa sababu Wagiriki waliandika namba kwa herufi zile zile walizoandikia maneno. Alfabeti yao ya kuhesabia ilikuwa na herufi 27, yaani 24 za kawaida na tatu za zamani zilizobakizwa kwa ajili ya hesabu. Tisa za kwanza zilikuwa 1 hadi 9, tisa zilizofuata zilikuwa 10 hadi 90, na tisa za mwisho zilikuwa 100 hadi 900. Mfanyabiashara wa Alexandria aliyeandika deni la drakma 105 aliandika herufi mbili, rho na epsilon, na hakuona ajabu yoyote. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kubuni fumbo la kugeuza majina kuwa namba, maana kila jina lililoandikwa lilikuwa tayari linasomeka kama safu ya namba zinazoweza kujumlishwa.

Waebrania nao walizipa herufi zao 22 thamani kuanzia 1 hadi 400. Waarabu, wenye herufi 28, waliufuata mpangilio huo wa kale na kuuendeleza hadi 1000, na ndio unaoitwa abjadi. Warumi hawakuwa na utaratibu wa namna hiyo, kwani ni herufi zao chache tu, kama I, V, X, L na C, zilizotumika kuwa namba. Ndiyo maana mambo haya tunayakuta katika Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu, na si katika Kilatini cha kale.

Ni nani aliyeanza kuhesabu jina?

Ushahidi wa zamani unaotajwa zaidi ni wa mfalme Sargon wa Pili wa Ashuru, aliyetawala kuanzia 722 hadi 705 KK. Alipojenga mji wake mpya wa Dur-Sharrukin, mahali panapoitwa leo Khorsabad nchini Iraki, aliandikisha kwamba mzingo wa ukuta ulikuwa dhiraa 16,283, na kwamba hiyo ndiyo namba ya jina lake. Njia iliyotumika kufikia namba hiyo haikuandikwa. Tunachojua ni kwamba waandishi wa Mesopotamia walikuwa na desturi ya kuwapa miungu namba: mwezi, Sin, alikuwa 30, jua, Shamash, alikuwa 20, na Ishtar alikuwa 15.

Jina la Pythagoras, ambalo hutajwa kila mahali katika habari hizi, lisichukuliwe kama ushahidi. Wafuasi wake waliheshimu namba kwelikweli, lakini vitabu vya uaguzi vinavyobeba jina lake viliandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, na waandishi wake walijua kwamba jina kubwa huuza kitabu.

Duara la Democritus ni kitu gani?

Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote, na unastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika karatasi ndefu ya mafunjo iliyopatikana Thebes nchini Misri na kuandikwa katika karne ya 4 BK, katikati ya dawa za mapenzi na maombi ya kuomba ndoto, kuna aya fupi yenye kichwa kinachosema kwamba hili ni duara la Democritus, la kutabiri uzima na kifo. Maelekezo yake ni haya: tazama mgonjwa ameanza kulala kitandani siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, jumlisha siku hiyo na namba ya jina lake la kuzaliwa, toa thelathini thelathini mpaka zisitoke tena, kisha utafute namba iliyobaki katika duara. Ikiwa juu, mgonjwa ataishi. Ikiwa chini, atakufa.

Duara lenyewe limechorwa papo hapo, ingawa kwa kweli ni jedwali lenye mstari katikati. Namba 1 hadi 30 zimegawanywa, 18 zikiwekwa juu na 12 chini. Juu kuna 1, 2, 3, 4, 7, 9, 10, 11, 13, 14, 16, 17, 19, 20, 23, 25, 26 na 27. Chini kuna zilizobaki, yaani 5, 6, 8, 12, 15, 18, 21, 22, 24, 28, 29 na 30.

Tumchukulie mgonjwa aitwaye Apion, jina ambalo halikuwa geni katika Misri ya zama hizo. Kwa Kigiriki lina alfa 1, pi 80, iota 10, omega 800 na nu 50, jumla 941. Akiugua siku ya 6 ya mwezi, jumla inakuwa 947. Ukitoa 930, ambayo ni thelathini mara 31, inabaki 17, nayo iko juu, kwa hiyo Apion atapona. Akiugua siku ya 7, inabaki 18, nayo iko chini. Siku moja tu imemhamisha kutoka kwa walio hai kwenda kwa wafu, na katika ugonjwa wa homa inayoanza taratibu, ni nani anayeweza kusema kwa hakika kwamba mtu alianza kuumwa jana na si juzi? Swali hilo lilimwachia mwaguzi, au ndugu wa mgonjwa, nafasi pana kuliko inavyoonekana katika kanuni.

Tazama pia kwamba duara halikugawanywa nusu kwa nusu. Katika kila namba tano, tatu zinasema uzima. Aliyelipanga alijua kwamba wagonjwa wengi hupona, au walau alijua kwamba anayeuliza angependa kusikia hivyo.

Je, Democritus mwanafalsafa ndiye aliyelitunga?

Hapana. Democritus wa Abdera aliishi katika karne ya 5 na ya 4 KK, na katika Misri ya Kirumi jina lake lilikuwa limeshageuzwa kuwa la mchawi na mwalimu wa siri. Katika nakala nyingine kifaa hicho hicho kinahusishwa na Petosiris, mwenye hekima wa Misri anayesemwa kuwa alimwandikia mfalme Nechepso, na katika miswada ya Kilatini ya Ulaya ya karne za kati kinaitwa duara la Pythagoras au la Apuleius. Mpangilio wa namba hubadilika kidogo toka nakala moja hadi nyingine, lakini kazi ni ile ile: jina, siku ya mwezi, thelathini, juu au chini.

Waaguzi walitabirije nani atashinda katika pambano?

Kanuni hii imehifadhiwa na adui yake. Mwanzoni mwa karne ya 3 BK, kitabu cha Kikristo cha kupinga mafundisho potofu, kinachohusishwa na Hippolytus wa Roma, kilieleza kwa urefu njia ya watu waliodai kutabiri kwa hesabu na namba, ili kuwaumbua. Njia yao ilikuwa kuirudisha kila herufi kwenye mzizi wake, yaani kuondoa sifuri zake: kapa, ambayo ni 20, inahesabiwa 2, na tau, ambayo ni 300, inahesabiwa 3. Mizizi hujumlishwa, tisa tisa hutolewa, na kinachobaki hulinganishwa na cha mpinzani.

Kitabu hicho kinachukua mifano yake kutoka kwa mashujaa wa vita vya Troya katika tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, na sisi tunaweza kufuata. Hector lina 5, 2, 3, 8 na 1, jumla 19, na ukitoa tisa mara mbili inabaki 1. Patroclus, kwa herufi zake zote za Kigiriki, lina jumla ya 34, na inabaki 7.

Kanuni ya kumjua mshindi tunaipata kwa ufasaha zaidi kwa Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ambaye katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 anaeleza hesabu inayoitwa hisabu ya nim, iliyotumika kutabiri mshindi kati ya wafalme wawili wanaopigana. Ikiwa namba zote mbili ni witiri, au zote ni shufwa, mwenye ndogo hushinda. Ikiwa moja ni witiri na nyingine shufwa, mwenye kubwa hushinda. Zikiwa sawa na ni shufwa, hushinda aliyeshambuliwa, na zikiwa sawa na ni witiri, hushinda aliyeshambulia. Tukiirudisha kanuni hii kwa mashujaa wetu, Hector mwenye 1 anamshinda Patroclus mwenye 7, kama Homer anavyosimulia.

Tatizo linakuja kwa Achilles. Jina lake kwa Kigiriki, likiandikwa kwa lamda mbili kama ilivyo kawaida, lina mizizi yenye jumla ya 25, na inabaki 7. Zote ni witiri, kwa hiyo Hector mwenye 1 ashinde, ilhali kila mtoto wa shule wa Kigiriki alijua kwamba Achilles ndiye aliyemuua Hector na kuuburuza mwili wake. Lakini ikihesabiwa lamda moja tu, jumla inakuwa 22, inabaki 4, shufwa dhidi ya witiri, na Achilles anashinda. Kitabu cha kupinga mafundisho potofu kinasema wazi kwamba baadhi ya waaguzi walizihesabu herufi zinazojirudia mara moja tu, na kwamba wengine waliacha tisa wakatumia saba.

Hapo ndipo penye kiini cha fani hii nzima. Kujumlisha na kugawanya hakuna udanganyifu, na yeyote anaweza kukagua kazi. Uhuru wa mwaguzi uko kabla ya hesabu kuanza, katika kuchagua tahajia, lugha, kigawanyo na siku ya kuanzia, na uhuru huo mteja hauoni kwa sababu macho yake yako kwenye hesabu.

Ibn Khaldun mwenyewe aliiamini hisabu ya nim?

Hakuikubali. Anasema kwamba inapatikana mwishoni mwa kitabu cha siasa kinachodaiwa kuwa cha Aristotle, na kwamba wachunguzi hawakikubali kitabu hicho kuwa cha Aristotle kwa sababu kina maneno yasiyo na hoja wala uthibitisho. Hata hivyo aliieleza kwa ukamilifu, pamoja na beti za kuikariri, na bila subira yake tungekuwa na habari pungufu sana.

Kwa nini tisa, na kwa nini thelathini?

Thelathini ni siku za mwezi, kumi na mbili ni buruji, yaani alama za nyota za unajimu, na saba ni siku za juma au sayari zilizojulikana zamani. Tisa ina sababu ya kihesabu. Namba 10 ukiigawanya kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1000 inabaki 1, kwa hiyo kuondoa sifuri hakubadilishi baki la tisa hata kidogo. Mwaguzi aliyetumia mizizi badala ya namba kamili alijirahisishia kazi bila kupoteza kitu, maana Hector kwa namba kamili ni 1225, na 1225 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1 ile ile. Wahasibu walitumia hila hiyo hiyo kukagua majumlisho yao. Katika alfabeti ya Kigiriki jambo hili lilionekana hata kwa macho, kwani herufi 27 zikipangwa katika safu tatu za tisa tisa, herufi zenye mzizi mmoja hukaa katika safu wima moja.

Je, kila aliyehesabu jina alikuwa akiagua?

La hasha. Wengi walikuwa wakicheza. Katika kuta za Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79 BK, mtu mmoja aliandika kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Mwenye jina hilo, kama alipita hapo na kujua hesabu, angejitambua, na wengine wangebaki wakikisia. Leonides wa Alexandria, aliyeishi Roma zama za mfalme Nero, alitunga mashairi ambayo jumla ya sehemu moja ililingana kabisa na jumla ya sehemu nyingine.

Nero mwenyewe hakusalimika. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa habari za wafalme, anasimulia kwamba baada ya kumuua mama yake, Agrippina, mwaka 59, watu walisambaza mstari wa Kigiriki uliotangaza hesabu mpya: Nero, alimuua mama yake mwenyewe. Jina lake kwa Kigiriki lina jumla ya 1005, na maneno yaliyofuata, ukiyahesabu herufi kwa herufi, nayo yanatoa 1005. Ilikuwa njia salama kiasi ya kumtukana mfalme, kwa kuwa aliyeshikwa angeweza kudai kwamba anajifunza hesabu.

Wakristo wa Misri walikuwa na desturi yao ya upole zaidi. Amina kwa Kigiriki ina jumla ya 99, kwa hiyo wengi waliandika herufi mbili za 99 mwishoni au mwanzoni mwa barua badala ya neno zima.

Namba 666 ya Ufunuo inaingia hapa?

Inaingia, kwa sababu aya yenyewe, Ufunuo 13:18, inamwalika mwenye akili aihesabu. Watafiti wengi leo huona kwamba anayelengwa ni Kaisari Nero, jina likiandikwa kwa herufi za Kiebrania kwa kufuata matamshi ya Kigiriki: nun 50, resh 200, vav 6, nun 50, kof 100, samekh 60 na resh 200, jumla 666. Ikiondolewa nun ya mwisho, kama jina linavyotamkwa kwa Kilatini, inabaki 616, na kweli kuna nakala za kale zenye 616, mojawapo ikiwa karatasi ya mafunjo ya Oxyrhynchus nchini Misri. Ni vigumu kueleza kwa njia nyingine kwa nini tofauti iwe hamsini kamili.

Irenaeus, askofu aliyeandika katika robo ya mwisho ya karne ya 2, aliijua 616 na akaikataa kuwa kosa la wanakili. Akatoa mifano ya majina yanayofika 666, kama Lateinos na Teitan, kisha akaonya kwamba kwa kuwa majina mengi yanaweza kufika hapo, si busara kutangaza moja. Lateinos lenyewe linafika 666 kwa sababu tu limeandikwa kwa epsilon ya ziada, kwani bila hiyo ni 661.

Waliotumia dadu na mifupa nao wamo katika fani hii?

Wamo, ingawa kwao namba ilitoka kwa bahati na si kwa jina. Katika miji ya kusini mwa nchi inayoitwa leo Uturuki, kama Kremna, Perge na Termessos, kulijengwa katika karne ya 2 BK nguzo za mawe zilizochongwa majibu ya miungu mahali pa wazi. Muulizaji alirusha mifupa mitano ya vifundo vya kondoo, au mmoja mara tano. Kila mfupa huangukia pande nne zenye thamani 1, 3, 4 au 6, kwa hiyo kuna michanganyiko 56, na kila mchanganyiko ulikuwa na mungu wake na beti zake: subiri, au nenda, au usitie mkono wako hapo.

Palikuwa pia na kitabu kilichoitwa kwa jina la Astrampsychus, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye ujanja mkubwa kuliko vyote. Kina maswali 92, yaliyopewa namba 12 hadi 103. Muulizaji huchagua swali lake, hutaja namba yoyote kati ya 1 na 10 kama mungu anavyomtia moyoni, na namba hizo mbili hujumlishwa. Jumla hupelekwa kwenye jedwali linaloonyesha kundi la majibu, kila kundi likiwa na majibu kumi, na jibu la namba ile aliyoitaja ndilo lake. Majibu yametawanywa kwa makusudi na mengine ni ya uongo wa kujazia tu, ili asiyejua mpango asiweze kuugundua. Maswali yake yanaonyesha hofu za watu wa kawaida wa Misri ya Kirumi: nitauzwa? Nitakuwa ombaomba? Nitatoroka? Nimerogwa? Nitaachana na mke wangu? Ukisoma orodha hiyo unamwona mtumwa, mdaiwa na mume mwenye wasiwasi wakipanga foleni mbele ya meza moja.

Na mashariki, kama Uchina?

Uchina ilikuwa na njia yake iliyoendelea bila kuhitaji alfabeti. Katika uaguzi wa Yijing, kitabu cha kale cha Kichina cha kuagulia, vijiti 50 vya mmea hushikwa, kimoja huwekwa kando, na 49 vilivyobaki hugawanywa na kuhesabiwa vinne vinne mara tatu mpaka ipatikane 6, 7, 8 au 9, ambayo hutoa mstari mmoja wa umbo. Mistari sita hutimiza umbo moja kati ya 64. Namba hizo nne hazina nafasi sawa, maana 8 hutokea mara saba katika kumi na sita, na 6 mara moja tu.

Serikali ziliruhusu?

Ilitegemea swali. Mwaka 11 BK mfalme Augusto alipiga marufuku waaguzi kumwagulia mtu faraghani, na kumwambia yeyote habari za kifo hata mbele ya mashahidi. Kifo cha mfalme kilikuwa swali la siasa, na aliyeuliza lini mfalme atakufa alidhaniwa kuwa anajiandaa. Mwaka 357 Constantius wa Pili alitoa sheria kali zaidi, akitaka udadisi wa kuagua unyamaze milele kwa watu wote, na adhabu ikiwa upanga. Duara la Democritus, ambalo kazi yake nzima ni kusema nani atakufa, lilinakiliwa Thebes katika karne hiyo hiyo.

Kuna uhusiano gani na hisabu ya abjadi ya pwani yetu?

Uhusiano upo katika njia. Mtaalamu wa falaki wa Zanzibar, Lamu au Mombasa anayetafuta nyota ya mtu huchukua jina lake na la mama yake, hujumlisha herufi zake kwa abjadi, hutoa kumi na mbili kumi na mbili, na baki humwonyesha buruji. Badilisha thelathini kwa kumi na mbili na uko karibu kabisa na karatasi ya Thebes. Hata jina la mama si geni, kwani maombi ya kichawi ya Misri ya Kirumi humtaja mtu kwa kusema ni fulani aliyezaliwa na mama fulani. Ramli ya mchanga yenye maumbo 16 ni fani nyingine, ingawa nayo husimama juu ya witiri na shufwa.

Tuhesabu mfano. Salim, akiwa Saalim kwa alifu, ana sin 60, alifu 1, lam 30 na mim 40, jumla 131. Mama yake Khadija ana 600, 4, 10, 3, na herufi ya mwisho, ta marbuta, ikihesabiwa kama ha, 5, jumla 622. Pamoja ni 753, na ukitoa 744 inabaki 9, ambayo ni Kausi. Lakini wako wanaoihesabu ta marbuta kuwa 400, na kwao Khadija ni 1017, jumla na mwanawe ni 1148, inabaki 8, yaani Akrabu. Na ikiwa jina la mtoto ni Saliim kwa ya, ambalo kwa herufi za Kilatini huandikwa Salim vilevile, basi kwa hesabu ya kwanza ya mama inabaki 6, na mtu yule yule ni Sumbula. Anayeandika jina lake kwenye simu kwa herufi za Kilatini na kulituma kwa mtu amhesabie ameshamwachia mtu huyo uamuzi mkubwa.

Kuna pia tofauti ya Mashariki na Magharibi. Katika abjadi ya Maghrebi sin ni 300 na shin ni 1000, wakati katika ile ya Mashariki, ambayo ndiyo ya kwetu, sin ni 60 na shin ni 300. Kwa hesabu hii ya Mashariki ndipo Bismillahi Rahmani Rahimi hufika 786, namba inayoonekana kwenye maduka na magari, hasa ya wenye asili ya Bara Hindi.

Jedwali la A ni 1, B ni 2, linaloitwa la Pythagoras, ni la kale?

Si la kale. Pythagoras hakuwa na herufi J wala W, na Warumi hawakuhesabu kwa A, B na C. Jedwali hilo lilienezwa na waandishi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakichukua wazo la mizizi ya tisa na kulivika alfabeti ya Kiingereza.

Maandishi haya yako wapi leo?

Karatasi yenye duara la Democritus iko katika jumba la makumbusho ya mambo ya kale la Leiden, Uholanzi. Karatasi nyingine ya uaguzi, yenye mistari 216 ya Homer inayochaguliwa kwa kurusha dadu mara tatu, iko katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na kipande cha Ufunuo chenye 616 kiko Oxford. Baadhi ya nguzo za mifupa ya vifundo zimebaki Uturuki, zikiwa zimevunjika hapa na pale, na beti zake nyingi bado zinasomeka.